Meli ya kitalii ikitia nanga, Bagamoyo hupata saa tatu tu

Na Mwandishi Wetu

SAA moja asubuhi meli ya kitalii inafunga kamba gatini Dar es Salaam. Ukiitazama kutoka upande wa Kigamboni utadhani ghorofa moja la katikati ya jiji limeamua kuingia majini. Abiria wamekwishakunywa chai, wamevaa kofia pana na raba, na kila mmoja ana karatasi inayomweleza mwisho wa kurudi ni saa ngapi. Saa kumi na moja jioni ngazi inavutwa. Anachofanya mgeni huyo katikati ya saa hizo ndicho kinachotuhusu.

Wengi hubaki jijini, wakaenda Makumbusho ya Taifa, Kariakoo au kwa wachonga vinyago wa Mwenge. Wengine hupanda mabasi kwenda Bagamoyo. Hao ndio wanaowafanya wauza vikapu, wakulima wa mananasi na akina mama wa samaki wa kukaanga waulizane kila kaskazi inapoanza kuvuma kama mwaka huu kutakuwa na meli.

Ni rahisi kuchanganyikiwa na ukubwa wa vyombo hivi. Norwegian Dawn, iliyopita pwani ya Afrika Mashariki Januari 2024, ina urefu wa karibu meta 294 na inaweza kubeba abiria zaidi ya 2,300. Mtu akisikia hivyo anaona wateja 2,300 wamesimama mbele ya meza yake. Kabla hajakwenda kukopa mtaji, ni vizuri tukapiga hesabu pamoja.

Saa zinavyokwisha

Kutoka bandarini hadi Bagamoyo mjini ni kama kilomita 70, kwa njia ya Mwenge, Tegeta, Bunju na Mapinga. Barabara ni ya lami, lakini anayeijua foleni ya njia hiyo hatoi ahadi. Tuseme basi linaondoka saa mbili na nusu, baada ya mambo ya uhamiaji na kuhesabu watu. Likienda vizuri linafika saa nne na nusu. Kurudi, kiongozi wa msafara mwenye akili zake huondoka saa saba na nusu ili awe bandarini saa tisa na nusu na bado awe na akiba ya muda kama lori litazima njiani. Zimebaki saa tatu.

Hofu ya kuchelewa si ya bure. Machi 2024 meli hiyo hiyo ya Norwegian Dawn iliwaacha abiria wanane katika kisiwa cha São Tomé, upande wa Atlantiki, kwa sababu walichelewa kurudi kutoka matembezini. Walihangaika kwa ndege na gari kutoka nchi moja hadi nyingine wakiifuata, hadi walipoipata Dakar, Senegal. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima. Tangu hapo usitegemee kwamba mgeni wa meli atakaa kwako akisikiliza bei ikipanda na kushuka.

Na saa hizo tatu si zako peke yako. Kuna magofu ya Kaole, ambayo misikiti na makaburi yake ni ya tangu karne ya 13. Kuna misheni ya Wakatoliki iliyoanza mwaka 1868, ambako mwili wa Livingstone ulilazwa usiku mmoja mwaka 1874 kabla ya kuvushwa kwenda Unguja. Kuna Boma la Wajerumani, Caravanserai na nyumba za Mji Mkongwe wenye milango ya nakshi. Mwongozaji akimaliza historia yote hiyo, muda wa mgeni kutoa pochi ni dakika 40, pengine pungufu.

Wengine huuliza kwa nini meli isije Bagamoyo moja kwa moja. Jibu liko ufukweni, linaonekana kila maji yanapokupwa. Majahazi yanakaa juu ya mchanga na wapagazi wanatembea majini wakiwa na mizigo mabegani, kama babu zao. Kina hakuna. Ndiyo sababu Wajerumani walihamishia makao makuu yao Dar es Salaam mwaka 1891, kwenye maji marefu.

Nanasi kumi

Sasa tuje kwa mkulima. Kiwangwa inasifika kwa mananasi, na msimu wake mkubwa wa mwisho wa mwaka unakutana na msimu wa meli. Ukisikia hivyo unaona soko limejileta lenyewe.

Chukua basi moja lenye wageni 40, na tuseme wote wanakunywa glasi moja ya juisi ya nanasi. Tunda la ukubwa wa kawaida litatoa kama glasi nne. Basi zima limemaliza mananasi kumi. Yakija mabasi matano ni hamsini. Ekari moja ya mananasi iliyopandwa kitaalamu huwa na miche zaidi ya 10,000. Ukiyaweka meza moja namba hizo, utaona kwamba mwenye shamba hana sababu ya kupanua ekari kwa ajili ya meli. Wateja wake bado ni walewale: wachuuzi wa barabarani, masoko ya Dar es Salaam na viwanda vya juisi.

Anayenufaika hapo ni aliyenunua yale mananasi kumi, akayaosha, akayakamua mbele ya mgeni na kuyauza kwa glasi. Ni faida ya mama mwenye blenda, maji safi, barafu ya kuaminika na kitambaa kilichofuliwa. Kama mkulima mwenyewe ndiye mwenye blenda, heri yake.

Usitegemee pia chakula kikubwa cha mchana. Nauli ya meli kwa kawaida imekwishalipa milo yote, na huko melini mgeni anaweza kula tangu asubuhi hadi usiku. Hapa atataka kuonja tu: kipande cha pweza, dafu, vipande viwili vya kashata. Nayo jiko la meli halinunui sokoni kwetu kwa fungu. Hununua kwa mikataba, kwa tani, kutoka kwa wagavi wakubwa waliokubaliwa mapema.

Kinachopanda ngazi ya meli

Tofauti na mtalii wa ndege, huyu wa meli hahesabiwi kilo za begi kila siku. Chumba chake kinamfuata. Anaweza kubeba kikapu, mkeka, hata kinyago kirefu. Lakini ana vizuizi vingine. Matunda mabichi, mbegu, udongo na nyama vinaweza kunyang'anywa mlangoni, kwa kuwa bandari zinazofuata, hasa za visiwa, zinaogopa wadudu na magonjwa ya mimea. Matumbawe na vitu vya gamba la kasa ndiyo usiviweke mezani kabisa. Biashara yake inabanwa na sheria za nchi na mkataba wa kimataifa wa viumbe walio hatarini, na mgeni akikamatwa navyo kwao atakukumbuka kwa ubaya.

Kinachopita bila shida ni kikavu na kilichofungwa: iliki, mdalasini, embe na nanasi lililokaushwa, korosho zilizobanguliwa, chumvi. Chumvi nimeitaja makusudi. Mashamba ya chumvi yapo Bagamoyo, na chumvi hiyo huuzwa kwa gunia kwa bei inayomkatisha tamaa mwenye kuichota. Gramu 200 za chumvi hiyohiyo, safi, katika kifuko cha ukindu chenye kikaratasi kinachoeleza imetoka wapi, ni zawadi. Vivyo hivyo mwani wa Mlingotini. Ukikaushwa na kuuzwa kwa kilo unakwenda kiwandani ng'ambo kwa bei ya chini. Ukisagwa na kutiwa kwenye sabuni, kama wafanyavyo akina mama wa Unguja, unauzwa kipande kwa kipande.

Niliwahi kusimama katika duka dogo pale mjini nikimwangalia mama mmoja wa Kizungu akishika chupa ya achari ya embe. Aliigeuza chini, akaigeuza juu, akatafuta tarehe, akatafuta jina la mtengenezaji. Hakuna. Akairudisha taratibu, akatabasamu, akaenda zake. Mwenye duka aliniambia Wazungu hawapendi achari. Sikubishana naye, ila mimi niliona mtu anayetafuta lebo. SIDO husaidia wasindikaji wadogo kupata mafunzo na kuwaunganisha na TBS ili wapate alama ya ubora; safari hiyo ianze miezi kadhaa kabla ya msimu. Na mfuko wa plastiki wa kubebea uliopigwa marufuku tangu Juni 1, 2019 usionekane kwako. Kikapu kidogo cha ukili kinafanya kazi mbili, kubeba na kuuzwa.

Dola isikuponze

Wageni hawa hushuka na dola mfukoni. Hapo zamani mfanyabiashara aliandika bei kwa dola na mambo yakaisha. Tangu Machi 2025 kuna kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zinazokataza kutangaza au kutoza bei ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, ukiacha maeneo machache yaliyotajwa. Andika bei kwa shilingi, kwa tarakimu kubwa zinazosomeka. Wauzaji wakiungana wakawa na mashine moja ya kadi, hawatapoteza mteja kwa kumtafutia mahali pa kubadilishia fedha huku basi likipiga honi. Chenji ndogondogo iwepo tangu asubuhi.

Jambo jingine linaloweza kuwasaidia wenyeji ni amri ya Julai 2025 iliyozuia wasio raia kufanya baadhi ya biashara. Kuongoza watalii na maduka ya vitu vya kumbukumbu vimo katika orodha hiyo, hata ununuzi wa mazao shambani. Mlango umefunguliwa, ila kijana wa Bagamoyo atahitaji leseni, lugha na saa ya mkononi.

Wenzetu wa Unguja

Ng'ambo ya bahari, Zanzibar wamelizoea jambo hili zaidi. Meli kubwa hutia nanga nje ya Malindi na kushusha watu kwa boti ndogo, papasi wakiwa tayari. Sehemu kubwa ya wageni hupelekwa mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi. Huko mkulima anauza matembezi: kunusa jani la mdalasini, kuona mbegu ya kungumanga ikiwa na utando wake mwekundu, kumtazama kijana akipanda mnazi huku anaimba. Pakiti ya viungo huja mwisho kabisa. Mti mmoja wa mkarafuu unaoneshwa kwa mamia ya watu na bado karafuu zake zinachumwa.

Bagamoyo inaweza kuiga, ila shamba liwe karibu. Kiwangwa iko mbali mno kwa saa tatu. Kaole ni kama kilomita tano tu kutoka mjini na mabasi huenda huko hata hivyo. Mwenye ekari moja ya minazi, mikorosho na migomba njia hiyo, akiwa na choo safi na kivuli, ana bidhaa hata kama hajavuna kitu.

Tatizo ni kwamba biashara hii si ya kutegemewa kwa karo ya mtoto. Kwa kawaida meli huja kati ya Novemba na Machi, na huja kwa siku moja moja. Zinaweza pia kutoweka. Novemba 2005 maharamia wa Kisomali waliishambulia Seabourn Spirit, na Aprili 2009 wakaijaribu MSC Melody upande wa Shelisheli. Zote zilinusurika, lakini kampuni nyingi ziliikimbia njia hii kwa miaka. Baadaye ikaja korona mwaka 2020, meli zikafungwa dunia nzima. Aliyekuwa na kibanda cha kungojea meli peke yake alilala njaa. Aliyekuwa akiuza pia kwa wanafunzi wanaokuja Kaole na kwa familia za Dar es Salaam za mwisho wa wiki aliponea hapo.

Ratiba za meli hujulikana mapema, kwa mawakala wa meli na kampuni zinazopokea wageni jijini. Kikundi kimoja cha wauzaji kikimtuma mtu mmoja kuulizia mwezi Septemba, nauli yake ni ndogo kuliko hasara ya kukaanga samaki wa wageni 200 siku ambayo basi halikuja.

Kuhusu bandari ya Mbegani, jiwe la msingi liliwekwa Oktoba 2015, mradi ukasimamishwa mwaka 2019, na mazungumzo ya kuufufua yakarudi midomoni mwaka 2021. Ukikamilika, huenda siku moja mgeni akashuka kilomita chache kutoka Kaole. Msimu huu atakuja kwa basi, atafika saa nne na nusu, na atataka kujua choo kiko wapi kabla ya kuuliza bei ya kikapu.