Kushika si Kutumia: Namna ya Kusoma Daftari la Leseni za Programu

Kwetu katika fakilte ya lugha, mtu akitaja lisansi tunafikiri diploma, toga na picha ya familia mbele ya jengo la chuo. Leseni ninayotaka kueleza hapa ni nyingine, ingawa kwa Kifaransa neno ni moja. Ni ruhusa ambayo kampuni inanunua ili wafanyakazi wake wafungue programu fulani ya kompyuta. Nilikutana nayo baada ya masomo, nilipokuwa mtafsiri katika kampuni moja ya madini huku Katanga, na nikalazimika kuifahamu vizuri kwa sababu ya kosa langu la tafsiri. Ndiyo maana naileta katika jarida letu, wala si katika jarida la watu wa hesabu.

Programu za kuchora migodi na mitambo ni ghali, na kampuni hainunulii kila mchoraji ya kwake. Inanunua leseni chache za pamoja, zinazotunzwa na kompyuta moja kuu, yaani serveri. Anayefungua programu anaazima leseni moja, na anayeifunga anairudisha. Zote zikiwa nje, anayekuja nyuma anakataliwa. Ni kama kamusi kubwa za maktaba yetu zenye nakala chache: unaandikishwa, unasoma, unarudisha. Sisi tulikuwa na leseni 5 kwa wachoraji 9, wakiwa 7 Lubumbashi na 2 Kinshasa.

Mtunza-maktaba huyo naye ni programu. Yetu iliitwa FlexNet, ambayo zamani ilijulikana kama FLEXlm, na inatumiwa na watengenezaji wengi wa programu za uhandisi. Inaandika kila tukio katika daftari, mstari kwa mstari: saa, neno la tukio, jina la programu iliyoombwa, mtu na kompyuta yake. Maneno ya tukio ambayo ni ya lazima kuyajua ni matatu, yote ya Kiingereza: OUT, leseni imetoka, IN, imerudi, DENIED, mtu amekataliwa. Hakuna fasihi fupi kuliko hiyo.

Siku moja shefu wa idara aliniita kabla ya kulipa faktire ya mwaka. Alikuwa na ukurasa mmoja wa Kiingereza uliotolewa katika daftari hilo kwa kompyuta. Akasema: « Mtafsiri, nigeuzie hii kwa Kifaransa, na jedwali la majina uliweke kwa Kiswahili, wachoraji walione. » Nilifanya kwa nusu saa. Juu ya ukurasa paliandikwa kwamba, kwa wastani, leseni 1.2 kati ya 5 ndizo zilizokuwa zikitumika. Chini palikuwa na jedwali la saa za kila mtu kwa juma. Kichwa cha safu hiyo nilikitafsiri « saa za matumizi ». Wachoraji wawili walikuwa na saa 48 kila mmoja. Mama mmoja alikuwa wa mwisho kabisa, na saa 11.

Shefu alisoma, akafanya hesabu yake. Ikiwa tunatumia 1.2, basi 2 zinatosha, na hapo tunaonekana wakarimu. Tena, kwa nini tunamlipa mchoraji anayechora saa 11 kwa juma? Kesho yake Mama yule alipokea barua ya kuombwa maelezo. Wasomaji waliokwisha kufanya kazi wanajua barua hiyo inatangulia nini.

Alikuja hadi kwenye meza yangu akiishika mkononi.

« Papa, ni wewe uliyeandika kwamba situmii mashine? »

« Mama, niliandika kile kilichokuwa kwenye karatasi. »

« Basi karatasi haijui Kiswahili. Kila asubuhi mashine inanikataa. Ninangoja wenzangu waende kula ndipo nipate nafasi. »

Nilimwomba fundi wa kompyuta daftari lenyewe, si muhtasari wake. Kwanza alicheka, halafu akanipa. Lilikuwa la majuma 7 tu. Umeme ulipokatika, serveri ilizimika, na ilipowaka tena ilianza kuandika juu ya daftari la zamani. Hilo si ajali: ndivyo FlexNet inavyofanya isipoambiwa vingine. Ukiweka alama ya kujumlisha mbele ya jina la faili katika amri ya kuanzisha, inaendeleza daftari lilelile. Alama moja, na miezi mingi ya habari inaokoka.

Anayesoma daftari hilo mara ya kwanza anapata tatizo ambalo sisi watu wa lugha tunalijua. Mstari unataja saa, hautaji siku. Siku inaandikwa mara mojamoja katika mstari wake wa pekee, na mistari inayofuata inaitegemea, kama vile « yeye » inavyotegemea jina lililotajwa nyuma. Ukikata ukurasa katikati, saa 8:15 haina siku. Isitoshe, saa ni ya serveri. Yetu ilikuwa Lubumbashi, na saa ya Kinshasa iko nyuma kwa saa moja. Serveri ikiandika 8:00, wenzetu wa Kinshasa wako 7:00, pengine bado njiani. Wanapofika, wa Lubumbashi wamekwisha kuzigawana leseni.

Baada ya kupanga siku, nilihesabu leseni zilizo nje kwa wakati mmoja. Kazi hiyo haihitaji elimu ya juu. Unaanza na sufuri. Kila OUT unaongeza moja, kila IN unapunguza moja. Wa kwanza anatoa 8:02, wa pili 8:05, wa tatu 8:11: ziko nje 3. Wa pili anarudisha 8:40: zimebaki 2. Wa nne anatoa 8:41: ni 3 tena. Ukifuata hivyo hadi jioni unapata mchoro wa siku nzima, na mchoro huo ndio unaoonyesha haja ya kampuni, kwa kuwa unataja kilele na muda kilichodumu.

Hapo nilielewa 1.2 ilitoka wapi. Juma lina saa 168, na biro yetu ilifanya kazi saa 50. Muhtasari uligawanya kwa 168, pamoja na usiku na siku ya Mungu. Saa zote za kushika leseni kwa juma zilikuwa 200. Ukizigawanya kwa 168 unapata 1.2, ukizigawanya kwa 50 unapata 4. Leseni 4 kati ya 5, kwa wastani, muda wote wa kazi! Na wastani wa 4 unaficha asubuhi ambazo zote 5 zilikuwa nje na watu wanangoja.

Halafu mistari ya kukataliwa. Katika juma moja nilipata 61, idadi ya kutisha. Lakini mtu aliyekataliwa hatulii. Anabonyeza tena na tena, na kila mbonyezo ni mstari. Nilichukua majaribio yote ya mtu mmoja ndani ya nusu saa kuwa haja moja. Zilibaki 14. (Mtu awe mwangalifu: programu nyingine huomba leseni ya aina moja, ikikosa huchukua ya aina nyingine kimyakimya, na daftari linaandika kukataliwa ambako mtumiaji hakukuona. Kwetu haikuwa hivyo, niliuliza.) Kati ya hizo 14, 9 zilikuwa za Mama yule.

Na wale wawili wa saa 48? Nani anachora saa 48 katika saa 50, bila kula, bila mkutano, bila kushuka mgodini kuangalia anachokichora? Walifungua programu asubuhi wakaiacha wazi hadi jioni, kwa hofu ya kukosa nafasi wakirudi. Siwalaumu sana, maktabani pia wako wanaokalia kamusi kwa sababu hiyohiyo. Lakini jedwali langu liliwafanya wao mashujaa, na Mama mvivu. Daftari halikusema kwamba walitumia. Lilisema kwamba walishika. Mimi ndiye niliyeandika « matumizi ».

Sasa swali la kampuni: leseni ngapi kwa mwaka ujao? Swali hili ni la zamani kuliko kompyuta. Mdenmark mmoja, Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, aliandika mwaka 1909 kuhusu namna simu zinavyoingia kwa bahati, na mwaka 1917 akatoa kanuni ya kujua ni simu ngapi zitakosa njia ikiwa njia ni kadhaa. Weka leseni mahali pa njia za simu, na kanuni inafaa. Inaomba kitu kimoja: haja ya kweli, yaani leseni ngapi zingekuwa nje kwa wastani kama hakuna anayekataliwa.

Tulipokadiria saa zilizoshikwa bure na kuziondoa, haja yetu ilikuwa karibu 3. Kwa haja ya 3, leseni 5 zinakataa watu 11 hivi katika 100. Leseni 6 zinakataa 5, leseni 7 zinakataa 2. Na leseni 2, zile za ukarimu? Zinakataa 53. Zaidi ya nusu ya watu wanaokuja kufanya kazi wangerudishwa mlangoni. Nilimwekea shefu tarakimu hizo nne kwenye karatasi, bila neno lingine, na sijawahi kutafsiri kitu kilichoeleweka upesi hivyo.

Kanuni hiyo inafundisha jambo lingine nililolipenda. Haja ikiwa 3 katika mji mmoja na 3 katika mji mwingine, kila mji ukiwa na leseni zake unahitaji 7 ili ukataaji ubaki karibu na 2 katika 100; jumla 14. Wakichangia fungu moja, 11 zinatosha kwa ukataaji uleule. Kwa hiyo wazo la kutenga leseni za Kinshasa, lililokuwa limezungumzwa, lilikuwa wazo la kulipa zaidi.

Lakini Erlang aliwaza watu wanaopiga simu kila mmoja kwa shauri lake. Wachoraji hawako hivyo. Mpango wa mgodi wa mwaka ukianza kuandaliwa, wote wanakuja asubuhi moja, na kanuni inasema uongo mdogo upande wa matumaini. Kwa majuma hayo mimi ninaamini mchoro wa siku kuliko kanuni. Tena daftari halijui yajayo: kama kampuni inaajiri wachoraji wawili zaidi, hakuna mstari utakaokuambia. Ni lazima kuuliza biro ya wafanyakazi.

Kabla ya kununua chochote tulijaribu kilicho cha bure. FlexNet inaweza kuamriwa kuichukua leseni ya programu iliyoachwa wazi bila kuguswa, ikiwa mtengenezaji wa programu amekubali jambo hilo. Wa kwetu alikubali. Fundi aliweka nusu saa. Wale wawili walilalamika juma moja, kisha saa zao zikashuka chini ya 30, na michoro yao haikupungua. Kampuni ilibaki na leseni 5, ikakodi ya sita kwa miezi ya mpango wa mgodi peke yake.

Jedwali nalo nililitafsiri upya. Kichwa cha safu sasa ni « saa za kushika leseni », na pembeni niliongeza safu ambayo muhtasari wa kompyuta haukuwa nayo: « mara alizokataliwa ». Niliomba pia majina yaondolewe, kwa kuwa anayepanga idadi ya leseni hahitaji kujua ni nani. Hilo lilikubaliwa nusu, majina yakawa herufi za mwanzo.

Mama alijibu barua yake kwa mistari 9 ya daftari, kila mmoja na siku yake, ambayo nilimsaidia kuipanga. Hakuadhibiwa. Lakini barua ya kuombwa maelezo haifutwi. Inabaki katika dosie pamoja na jibu lake, na jedwali langu la kwanza limeshikanishwa nyuma kwa pini.