Mkeka Ulioishiwa Rangi Katikati

Anas bin Malik (r.a.) amesimulia kuwa bibi kizee wa ukoo wao, Mulayka, alimwalika Mtume (s.a.w.) kwa chakula alichomwandalia. Baada ya kula, Mtume aliwataka wainuke awasalishe. Anas akauendea mkeka wao uliokwisha kuwa mweusi kwa kutumika siku nyingi, akaunyunyizia maji. Mtume akasimama juu yake, Anas na yatima mmoja wakapanga safu nyuma yake, na bibi kizee akasimama nyuma yao. Wanachuoni wametoa katika Hadithi hii, iliyomo katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim, mafunzo mengi ya safu na swala ya jamaa. Mimi leo nimeushika mkeka wenyewe. Upo mkono uliousuka, nao haukutajwa.

Katika mwambao wetu mkeka humpokea mtu tangu uchanga wake. Juu yake mzazi huketi na mwanawe, juu yake hukaa mashahidi wa ndoa, na juu yake hukaa waliofika kuhani. Watu huukanyaga pasi na kuutazama, na huo ndio utumishi wake.

Anayetaka kujua kazi iliyomo na aanze na ukindu. Makuti machanga ya mkindu hukatwa yangali hayajafunguka, huanikwa juani mpaka yakapauka, kisha huchanwa kuwa vipande vyembamba vya upana mmoja, viitwavyo chane. Zinazotakiwa rangi hutokoswa katika maji ya rangi. Hapo mikono huanza kusuka ukili, utepe mrefu wa upana wa vidole vichache, pima baada ya pima. Mwisho ukili hushonwa ukingo kwa ukingo hadi upatikane mkeka. Kwa mwanamke mwenye kupika, kufua na kulea, mkeka mmoja mkubwa ni kazi ya wiki nyingi, naye huifanya katika nafasi ndogondogo ambazo wengine huziita mapumziko.

Mke wangu alijifunza kazi hii Pemba kwa bibi yake mzaa mama, kabla hajajua kusoma. Mwaka huu, tukiwa na miaka 12 ya ndoa na makazi hapa Tanga, kina mama wenzake wa darsa la jioni walimshawishi aishushe mikeka yake juu ya kabati na kuitoa iliyokuwa imetandikwa vyumbani, aionyeshe kwa siku tatu katika ukumbi wa madrasa. Mikeka 21 ikatundikwa ukutani. Chini ya kila mmoja palibandikwa karatasi ndogo yenye mwaka tu. Inayouzwa iliwekewa bei.

Nilikwenda siku ya pili baada ya swala ya Alasiri, watu wakiwa wamepungua. Nilipoifuata mikeka kwa mpangilio wa miaka, niliona kwamba ukuta ule ulikuwa umeandika habari za nyumba yetu. Mkeka wa mwaka wa kwanza ulikuwa mweupe mtupu, kwa kuwa mwaka ule fedha ya rangi haikuwapo. Mbele yake palikuwa na msala mwembamba wenye mishono iliyokaribiana mno. Huo aliushona usiku, mwaka ambao mama yangu aliugua akalazwa kwetu, na mkwewe akawa anakesha kando yake. Hakuna mgeni ambaye angeyasoma hayo. Kwa wageni ulikuwa ni msala mzuri, na hilo nalo lilikuwa kweli.

Mkeka wa 14 ulikuwa mdogo, shibiri tano kwa tatu. Nusu yake ya kwanza ilikuwa ya zambarau na kijani. Kisha rangi ilikoma mahali pamoja, bila kupungua polepole, na nusu iliyobaki ilikuwa ukindu mtupu.

Rangi ile ya zambarau niliijua, kwa sababu niliinunua mimi, katika mwezi tuliokuwa tukimngojea mtoto wetu wa tatu. Alikuwa wa kike. Tulimpa jina siku ya saba, na siku ya tisa tukamzika. Mimi nilimbeba hadi kaburini na kumlaza kwa mikono yangu. Mama yake alibaki nyumbani, kama ilivyo desturi yetu. Saa ile moja tuliipitia kila mtu mahali pake: yeye hakuona mchanga ukifukiwa, nami sikuona yaliyompitikia pale chumbani, kikapu cha ukili kikiwa pembeni mwa kitanda. Mwaka wa saba baadaye, nimesimama mbele ya ukuta, niliiona saa hiyo kwa upande wake. Ilikuwa pale zambarau ilipokoma.

Kando yangu kijana mmoja alikuwa akimwambia mwenzake kwamba mtindo ule wa nusu kwa nusu ndio uliompendeza kuliko yote. Na bibi mmoja alikuwa amekwisha kuuliza bei, alimtarajia mjukuu.

Nilimwendea mke wangu mezani, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Ule mdogo usiuuze."

"Kwa nini, Baba watoto?"

"Unajua kwa nini."

"Ninajua," akasema. "Ndiyo maana niliumaliza. Ningetaka ubaki, ningeuacha ukili kikapuni. Ule ni mkeka wa mtoto, na hakuna mtoto aliyeulalia. Hilo ndilo lililokuwa likiniuma miaka yote."

Sikuwa na jibu, na kisheria pia sikuwa na neno. Sheria yetu imempa mke umiliki kamili wa mali yake na kipato cha mkono wake. Mume hana haki ndani yake ila kwa ridhaa yake. Tuliyasoma hayo chuoni katika mlango wa mali. Siku ile niliona kuwa hukumu hiyo inafika mbali kuliko fedha. Maana niliyoipata mbele ya mkeka ilikuwa yangu, na ilikuwa ya kweli, lakini haikunifanya mwenye mkeka. Aliyeusuka alikuwa na maana yake, nayo ilikuwa imekwisha kupiga hatua mbele ya yangu: mimi nilitaka kumbukumbu ihifadhiwe, yeye alitaka ilaliwe.

Basi nikaushusha mwenyewe, nikaukunja, nikaufunga kwa uzi, nikamkabidhi yule bibi. Akauweka kwapani na kumuombea mke wangu dua ndefu, asijue imeangukia wapi.

Ndugu msomaji, katika nyumba zetu kazi za mikono za wake zetu hupimwa kwa mambo mawili: zimeingiza kiasi gani, na zimechelewesha chakula kiasi gani. Yupo Zaynab, mke wa Abdullah bin Mas'ud (r.a.), ambaye imepokewa kuwa alikuwa fundi wa kazi za mikono, na ambaye kwa kumtunza mumewe na mayatima aliokuwa akiwalea alibashiriwa ujira wa mara mbili. Tunamtaja sana kwa yale aliyoyatoa. Inafaa pia tuulize alitengeneza nini, na alikuwa akiwaza nini alipokuwa akitengeneza. Mume anayetaka kumjua mkewe hana haja ya kungoja maonyesho. Na auchukue mkeka, kofia au foronya iliyomo ndani mwake, aulize: hii uliifanya lini, na siku hizo ulikuwaje? Kisha asikilize mpaka mwisho, hata kama jibu halimhusu yeye.

Kwa fedha ya mkeka ule mke wangu alinunua ukindu. Jioni baada ya Isha huwa ninamsaidia kuchana. Chane zangu bado hazilingani upana. Yeye huzichambua kimyakimya, na zilizoharibika huzitenga za kufungia mboga.