Lineti ya hatari: tuivae, lakini iseme Kiswahili

Ndugu wafanyakazi, na ninyi wamama wa Manika,

Tarehe 15 Novemba 2025, ku machimbo ya Kalando, hapa mu Lualaba yetu, watu walishikwa na woga. Walikimbilia wote daraja moja dogo, likavunjika. Wasiopungua 32 walikufa. Kukimbia hatari ni kitu cha kujifunza, lakini mu hatari ya kweli mutu anakosea mara moja tu.

Sasa kuko lineti kubwa zinazofunika macho yote. Ndani yake kuko ekra ndogo. Ukigeuza kichwa, picha nayo inageuka. Umesimama mu chumba, lakini unaona galeri, moshi, taa zinazimika, na unatafuta njia ya kutokea. Ukikosea, unaanza tena. Ku Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika ya Kusini, wanafundisha kazi ya mugodi kwa njia hiyo tangu 2015.

Namna ya pili haifuniki macho. Unaelekeza telefone ku pompe, na maandiko yanatokea juu ya picha yake: funga hii mbele, ile usiguse, iko na umeme.

Mimi nilivaa lineti hizo mara moja, mu masomo ya usalama. Sauti ilisema Kiingereza tu. Waliponiuliza nimeelewa nini, nilijibu: "Niliona moshi." Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka.

Kwa hiyo sisi wa sendika tunaomba vitu vitatu. Kwanza, Kiswahili. Pili, picha za kwetu: galeri kama za Kamoto, na kariere zinazobomoka mvua ikinyesha, hapana mugodi wa makaa wa inchi ingine. Tatu, watu wa sutretansi na wachimbaji wa kooperative nao wafundishwe, na saa za masomo zilipwe sawa saa za kazi.

Lakini tusidanganyike: lineti haizuie jiwe. Kaske, pompe na njia ya pili ya kutokea, vile njo vya kwanza. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inataka komite ya usalama ku kazi. Ulizeni delege wenu: yetu inakutana lini?

Na wewe mama, baba watoto akirudi leo, umuulize: "Kukitokea moshi kule chini, unatokea wapi?" Akikosa jibu, asilale bila kumupigia delege.