ALIYEIBIWA PICHA ZA FARAGHA: NJIA ZA KISHERIA ZILIZOPO

Wananchi wa Unguja na Pemba wanaovuka bahari kwenda Dar es Salaam kwa biashara, matibabu au masomo ni nadra kurudi bila ya kufika Kariakoo. Huko hununua bidhaa za jumla, na huko pia huwapelekea simu zao mafundi wa mitaa ya Aggrey na Msimbazi, kwani vipuri hupatikana kwa wingi na kwa bei ya kumudu. Lakini simu inapokabidhiwa fundi, au inapochopolewa katika msongamano, kinachotoka mkononi si chombo peke yake. Ndani yake zimo barua, hesabu, picha za watoto, na pengine picha ambazo mwenyewe hakukusudia zionwe na mtu mwengine yeyote.

Picha za namna hiyo zinapoenezwa, wengi wa waliodhulumiwa hunyamaza. Huona haya mbele ya wazee wao, huchelea kuvunja ndoa, na hudhani kwamba sheria haina la kuwasaidia. Maelezo haya yanatolewa ili kila mwananchi, awe Mjini Magharibi au Ilala, ajue haki yake na pa kuanzia.

KOSA NI LA NANI

Sheria kuu inayohusika ni Sheria ya Makosa ya Mtandao, Namba 14 ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2015. Sheria hii inatumika Tanzania Bara na Zanzibar pia, isipokuwa kifungu kimoja tu kisichohusu jambo hili. Vifungu vinavyotajwa hapa ni kwa hesabu ya Sheria ilivyotungwa mwaka huo.

Kifungu cha 4 kinakataza kuingia bila ya ruhusa katika kompyuta au simu ya mtu. Kwa hivyo fundi aliyepewa simu abadilishe kioo, naye akafungua picha, hana kinga ya kusema kwamba alikabidhiwa kwa hiari. Aliruhusiwa kioo, hakuruhusiwa picha. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili.

Kifungu cha 14 kinakataza kuchapisha picha za ngono kwa njia ya mtandao. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka 7, na pale picha zinapokuwa chafu zaidi, faini isiyopungua milioni 30 au kifungo kisichopungua miaka 10. Neno kuchapisha limepewa maana pana, nalo linajumuisha kusambaza na kupelekea wengine. Kwa hivyo aliyepokea picha katika kundi la WhatsApp akaituma mbele naye ametenda kosa, hata kama hamjui mwenye picha, na hata kama alituma huku akisikitika.

Kifungu cha 23 kinahusu kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtia dhiki ya moyo. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Anayesema "nipe fedha au nitazitoa" anaweza pia kushitakiwa chini ya Kanuni ya Adhabu kwa kudai mali kwa vitisho.

JAMBO LA KUZINGATIWA

Ni vyema jambo moja lielezwe bila ya kuficha. Kifungu cha 14 kinalinda maadili ya jamii. Hakikutungwa kwa kumtazama mtu aliyevunjiwa sitara yake. Hakiulizi iwapo mwenye picha aliridhia au hakuridhia. Kenya, katika sheria yake ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018, iliweka kifungu cha 37 kinachotaja waziwazi kosa la kusambaza picha ya faragha ya mtu mwengine, kwa adhabu ya faini isiyozidi shilingi za Kenya 200,000 au kifungo kisichozidi miaka 2. Uingereza ilitunga kifungu cha namna hiyo mwaka 2015. Sheria yetu ya 2015 haina kifungu kama hicho.

Kutokana na hali hiyo, baadhi ya waathirika huogopa kwamba wakienda kushitaki watashitakiwa wao. Yafaa kupambanua. Mtu aliyejipiga picha akaiweka katika simu yake mwenyewe, kisha ikaibwa, hakuchapisha kitu. Lakini yule aliyemtumia mwenzake picha kwa hiari, kisha mwenzake akaieneza baada ya kugombana, anashauriwa aonane na mwanasheria kabla ya kuandika maelezo polisi. Ushauri huu si wa kumzuia asishitaki. Unatolewa ili aende akiwa na mtu wa kumsimamia, na maelezo yake yaandikwe kama ya mlalamikaji.

KUPELEKA MASHITAKA

Aliye Kariakoo anaweza kuanza Kituo cha Polisi Msimbazi, au Kituo Kikuu cha Polisi kilichopo katikati ya mji. Aliyekwisha kurudi nyumbani asidhani kwamba amechelewa. Jeshi la Polisi ni la Muungano, na kituo kilicho karibu naye Unguja au Pemba kinaweza kupokea taarifa yake. Mwanamke au kijana anayeona haya aombe kuhudumiwa na Dawati la Jinsia na Watoto. Asiondoke bila ya kupewa namba ya RB, kwani bila ya namba hiyo ufuatiliaji huwa mgumu.

Ushahidi ukusanywe mapema na kwa uangalifu. Zipigwe picha za skrini zinazoonesha namba ya mtumaji, jina la kundi, tarehe na saa. Iandikwe anwani ya ukurasa ulipowekwa picha. Itunzwe risiti ya fundi, na kumbukumbu ya fedha iliyotumwa kwa simu ikiwa mtu alitozwa. Picha yenyewe isitumwe kwa jamaa wala kwa askari kupitia simu. Apelekewe mpelelezi simu iliyoipokea, aione hapo. Polisi wakiichukua simu kwa upelelezi, mwenyewe adai hati inayoonesha kilichochukuliwa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, katika kifungu cha 18, inakubali ushahidi wa aina hii mahakamani, lakini mahakama hutazama namna ulivyotunzwa.

Mahakama inapomtia mtu hatiani inaweza pia kumwamuru alipe fidia. Tarehe 30 Septemba 2024 Mahakama ya Hakimu Mkazi Dodoma iliwahukumu watu wanne kifungo cha maisha kwa kumbaka kwa kundi na kumlawiti binti mmoja wa Dar es Salaam, na kila mmoja akaamriwa amlipe shilingi milioni 1. Uovu ule ulijuilikana kwa video iliyoenea mwezi Agosti 2024. Video ilisaidia kuwafikia wahalifu, lakini kila aliyeituma mbele alimdhalilisha binti yule mara nyengine. Kinachotakiwa ni kuifikisha polisi, basi.

KUONDOSHA PICHA

Kesi huchukua muda, na picha huenea kwa saa. Kwa hivyo njia mbili ziendeshwe pamoja.

Kwanza, kifungu cha 45 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinamruhusu mtu kumwandikia mtoa huduma kumtaka aondoshe kilichovunja haki yake. Barua iwe na jina kamili, anwani, sahihi, mahali picha ilipo, haki iliyovunjwa, na tamko kwamba maelezo ni ya kweli.

Pili, tangu Disemba 2021 ipo huduma ya StopNCII, inayoendeshwa kutoka Uingereza kwa ajili ya watu wazima wa nchi yoyote. Mwenye picha hubaki na picha yake; simu yake hutengeneza alama mfano wa alama ya kidole, na alama hiyo tu ndiyo hupelekwa kwa makampuni ya mitandao yaliyojiunga ili yaizuie picha hiyo. Kwa walio chini ya miaka 18 ipo Take It Down ya Marekani. Huduma zote mbili hazitozi malipo.

Aidha, aliyejipiga picha kwa mkono wake ndiye mwenye hakimiliki ya picha hiyo, na anaweza kudai iondoshwe kwa msingi huo.

MADAI NA FIDIA

Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano na Katiba ya Zanzibar ya 1984 zote zinalinda faragha ya mtu. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba mrembo aliyevuliwa taji baada ya mpenzi wake wa zamani kutoa picha zake za faragha alivunjiwa haki hiyo, na ikaamuru alipwe fidia. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, lakini wakili anaweza kuitaja. Kwa upande wa Bara, madai ya madhara ya namna hii hayana budi kufunguliwa ndani ya miaka 3.

Ipo pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanzishwa kwa Sheria Namba 11 ya mwaka 2022 na kuzinduliwa rasmi Aprili 2024. Tume hupokea malalamiko dhidi ya wanaokusanya na kutumia taarifa za watu kinyume cha sheria, yakiwemo maduka na makampuni.

Asiyekuwa na uwezo wa wakili asikate tamaa. Dar es Salaam wapo TAWLA na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Zanzibar wapo ZAFELA na Kituo cha Huduma za Sheria.

WATOTO

Picha ya mtoto aliye chini ya miaka 18 haina mjadala. Kifungu cha 13 kinaweka faini isiyopungua shilingi milioni 50 au kifungo kisichopungua miaka 7. Mzazi asijaribu kuyamaliza kwa mazungumzo ya kifamilia, wala asiitume picha hiyo kwa yeyote.

TAHADHARI

Kabla ya kumkabidhi fundi simu, itolewe laini na memori kadi, picha zihamishwe, na namba ya siri isitolewe ikiwa kazi haiihitaji. Ikiwezekana, mwenyewe akae pale pale mpaka kazi imalizike. Picha iliyofutwa yaweza kurejeshwa. Kwa hivyo anayeuza simu aisafishe yote kwanza. Anayedaiwa fedha kwa vitisho asilipe, kwani aliyelipwa mara moja hurudi tena.

Wazee na wanandoa nao wanaombwa jambo moja. Mtoto au mke anapokuja kusema kwamba picha zake zimeenezwa, asipokewe kwa matusi. Aibu ni ya aliyeiba na aliyeeneza. Aliyeibiwa anahitaji mtu wa kufuatana naye mpaka kituoni.