Damu au Mkeka?

Huko Kyavinyonge, karibu na pale Ziwa Edouard linapoutoa mto Semliki, mtoto aliyeshinda jana akikimbia mchangani huweza kuamka goti limevimba, kesho goti likapoa na kifundo cha mguu kikashika zamu, naye asistahimili hata shuka kumgusa. Na wazee huulizana maradhi haya yametoka kwa kina mama au kwa kina baba.

Swali hilo si la ujinga. Maradhi hayo ni homa ya baridi yabisi, na uchunguzi wa mapacha umethibitisha kwamba ikimpata mmoja, pacha wake wa kufanana humfuata kiasi cha mara 44 katika 100, ilhali pacha asiyefanana ni mara 12. Na mwaka 2021 wataalamu waliochunguza wagonjwa wa nchi 8 za Afrika walitangaza alama ya urithi, katika kromosomu ya 11, inayohusiana na madhara ya homa hiyo moyoni miongoni mwa Waafrika weusi. Nasaba, basi, ina taathira yake.

Lakini nasaba haiwashi moto. Chanzo ni kijidudu cha koo: mtoto humeza mate kwa taabu, apone bila dawa, na baada ya wiki mbili au tatu kinga ya mwili wake, kwa kudhani ingali inapigana na adui, huvishambulia viungo na vali za moyo. Viungo hupona bila alama. Vali aghalabu hubaki na makovu, wala hakuna ayaonaye. Tena watoto wanaolala mkeka mmoja huambukizana koo, hata ndugu wawili wakiugua watu husema ni damu, na yamkini ni mkeka.

Ng'ambo ya ziwa, Uganda, watoto 818 ambao mioyo yao ilikuwa imeanza kuathirika kwa siri waligawanywa makundi mawili. Matokeo yalipotangazwa mwaka 2021, baada ya miaka 2, hali ilikuwa imewazidia 33 katika kundi lisilopewa dawa, na 3 tu katika lile lililochomwa penisilini kila wiki nne.

Sindano hiyo inauma, na mtoto huijua siku yake. Mama wa Kyavinyonge apandaye mjini Butembo na samaki wake, akimchukua mwanawe, aitie kadi ya sindano kifuani pamoja na fedha, ili muganga wa huko aione tarehe.