Kikombe cha Chai Katikati ya Vita

Jumamosi jioni, Newala. Baridi ya uwandani imeanza kuuma, mwenzi wako amepanda na basi kutoka Masasi, na ubishi ni uleule: leo tunaangalia nini? Yeye anataka vita, wewe unataka mapenzi. Kabla hamjanyang'anyana rimoti, sikilizeni hii.

Kuna mkanda unaitwa Red Cliff, yaani Jabali Jekundu. Umeongozwa na John Woo, jamaa yuleyule wa Face/Off na Mission: Impossible 2. Ulitoka kwa sehemu mbili, ya kwanza 2008 na ya pili 2009, na uligharimu takriban dola milioni 80. Angalizo: ipo iliyofupishwa kwa ajili ya nje ya Asia, ya kama saa mbili na nusu. Yenyewe kamili inapita saa nne. Tafuta kamili, maana kwenye ile fupi watu wanakufa kabla hujawajua vizuri.

Mambo yenyewe ni ya China, mwaka 208. Cao Cao, waziri mkuu mwenye nguvu kuliko mfalme wake, anashuka kusini na jeshi la kutisha kuwamaliza Liu Bei na Sun Quan. Mmoja mmoja hawamuwezi, kwa hiyo wanaungana. Steringi ni Zhou Yu, jemadari wa Sun Quan, aliyechezwa na Tony Leung. Askari wa Cao Cao hawajazoea maji, wanatapika kila siku, basi merikebu zao zinafungwa pamoja zisiyumbe. Cheche moja tu zinateketea zote! Tatizo ni upepo, unavuma kuelekea kwa kina Zhou Yu.

Habari ya mdogo kumgomea mkubwa si ngeni huku kwetu. Juu ya uwanda huuhuu wa Makonde, mwaka 1890, Machemba, mtawala wa Kiyao, alimwandikia Mjerumani Hermann von Wissmann barua ya Kiswahili kumwambia haoni sababu ya kumtii. Alishikilia hivyo mpaka 1899, alipozidiwa akakimbilia Msumbiji. Kwa hiyo Sun Quan anapochomoa upanga na kukata pembe ya meza mbele ya wazee wanaotaka kusalimu amri, mtu wa Newala hahitaji mkalimani.

Haya, tuje kwenye mapenzi. Zhou Yu ana mke, Xiao Qiao, aliyechezwa na Lin Chi-ling. Cao Cao naye anammezea mate siku nyingi. Usiku wa vita, mama huyu, tena mjamzito, anaondoka kimyakimya na kwenda kambini kwa adui. Anamwandalia chai. Anamimina taratibu, anamweleza namna ya kuionja, na Cao Cao anasahau saa. Wakati huo huo upepo unageuka.

Hapo ndipo wawili mtakapobishana. Mmoja atasema huyo ndiye mke, kaokoa watu. Mwingine atauliza: hivi mume angempoteza yeye na mtoto, ushindi ungekuwa na ladha gani? Kaamua peke yake jambo linalowahusu wawili.

Na si ubishi wa sinema tu. Wangapi wanaishi hivyo, mmoja kapangiwa kazi Newala, mwingine yuko Masasi au Dar? Mkopo unachukuliwa kimya "nisimpe presha". Pesa ya korosho inakopeshwa kwa ndugu, mwenzi anasikia mtaani. Ugonjwa unafichwa mpaka likizo. Kila siri ina nia njema, na kila moja inamwacha mwenzio akipigana vita asiyoijua ramani yake.

Zhou Yu anajua mkewe yuko wapi wakati keshaondoka. Mtazame uso wake pale, halafu geuka umtazame wa pembeni yako.

Mkanda ukiisha, msikimbilie kulala. Chemsheni chai, kila mmoja ataje jambo moja alilokuwa akilibeba peke yake. Anayesikiliza asifoke mpaka kikombe kiishe. Ikiwa chai iliweza kumtuliza Cao Cao, haishindwi kwenu.