Usingizi wa Kununua Dukani

Mvua kubwa ikianza kunyesha usiku, mama anayeishi kando ya Bonde la Jangwani hafumbi macho. Anasikiliza bati, na mara kwa mara anapapasa sakafu kwa mkono kuona kama maji yameingia. Hatumlaumu. Mwezi Desemba 2011 Mto Msimbazi ulifurika, watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha jijini Dar es Salaam, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Pale jirani, Kariakoo, yupo anayekesha kwa ajili ya marejesho ya mkopo, au kwa hasara aliyoipata soko lilipoungua tarehe 10 Julai 2021. Na wapo waliokuwa wakilala vizuri mpaka umri wa kukoma hedhi ulipowaletea joto la ghafla na jasho la usiku.

Ndipo shoga mwenye huruma anaponong'ona: "Dada, nenda duka la dawa, waambie wakupe vidonge vya usingizi."

Mara nyingi vidonge hivyo ni diazepamu, dawa iliyoanza kuuzwa mwaka 1963 kwa jina la Valium. Ni dawa nzuri mahali pake. Hospitalini hutumika kuzuia degedege na kumtuliza mgonjwa. Lakini ni dawa ya kuandikiwa na daktari, tena kwa muda mfupi. Tangu mwaka 1988 wataalamu wa Uingereza walishauri dawa za kundi hili zisitumike zaidi ya majuma mawili hadi manne, kwa kuwa mwili huzizoea. Kidonge kilichokulaza mwezi huu, mwezi ujao hakitoshi. Ukikosa kukimeza, usingizi unakuwa mgumu kuliko ulivyokuwa kabla hujaanza.

Kuna jambo linalotuhusu sisi wanawake hasa. Mwaka 2013 Marekani iliagiza kipimo cha dawa nyingine ya usingizi, zolpidemu, kipunguzwe kwa wanawake hadi nusu, kwa sababu miili yetu huiondoa polepole kuliko ya wanaume. Diazepamu nayo hukaa mwilini kwa siku kadhaa. Kwa hiyo mama aliyemeza jana usiku anaweza kuwa bado mzito asubuhi, anapovuka Mtaa wa Msimbazi katikati ya bodaboda na mikokoteni, beseni kichwani.

Tukirudi bondeni, hofu inayomkesha mama huyo ndiyo pia inayomwamsha maji yanapoingia. Akilala kwa dawa, nani atawanyanyua watoto? Anayelala na mtoto mchanga kitanda kimoja anaweza kumlalia asijue. Anayenyonyesha anampitishia mtoto dawa katika maziwa. Bibi mwenye umri mkubwa huamka akiwa na kizunguzungu, akaanguka njiani kwenda msalani na kuvunjika nyonga. Dawa hii ikichanganywa na pombe, au na dawa kali za maumivu kama tramado, pumzi inaweza kukatika kabisa. Wanaokimbilia Piriton, ambayo ni dawa ya mzio, nao wasijidanganye. Usingizi wake huacha uzito kichwani, na mwili huuzoea upesi.

Sasa tuseme na dada ambaye amekwisha kutumia kwa miezi. Pengine umetoka mkesha wa maombi umeamua kuvitupa vyote chooni kwa imani. Tunakusihi usifanye hivyo. Kuacha ghafla kunaweza kuleta mtetemeko, hofu kali, hata kifafa kwa mtu ambaye hajawahi kuugua kifafa. Daktari hupunguza kipimo kidogo kidogo, kwa majuma au miezi. Kumtii daktari katika hilo si upungufu wa imani, na mchungaji mwenye hekima atakuambia vivyo hivyo.

Daktari atataka pia kujua kinachokunyima usingizi. Anayeamka saa tisa za usiku kila siku, chakula hakina ladha na machozi yako karibu, huenda ana sonona, na sonona ina tiba yake. Usimfiche kitu, hata kama ni ugomvi wa nyumbani. Nenda na pakiti yenyewe mkononi, aone jina la dawa na nguvu yake, na umwambie kwa kweli ni vidonge vingapi kila usiku na tangu lini.